Vita vya Rangi na Jua: Historia ya Watu Wasiotajwa Wanaoyang'arisha Magari-Nyumba

Wadau, zile picha mmeshaziona sana mitandaoni. Staa wa ng'ambo yuko matembezini, nyuma yake limeegeshwa gari kubwa kama basi la mkoani, linang'aa mpaka mawingu yanaonekana ubavuni. Ndani kuna kitanda, jiko, choo, bafu na runinga ya ukutani. Chini ya picha watu wanabishana: mmoja anataja bei, mwingine anauliza linakunywa mafuta kiasi gani, wa tatu anasema hilo ni la kukodi tu. Ila kuna swali moja ambalo huwa halipo. Nani analifanya ling'ae hivyo?

Maana gari la aina ile, ambalo leo tutaliita gari-nyumba, lina shida ambayo gari lako dogo halina. Makubwa yake yana urefu wa mita 8 mpaka 13, kwa hiyo hayaingii kwenye banda la kawaida la nyumbani. Yanalala nje. Wengi wa wenye nayo wanayatumia wiki chache tu kwa mwaka. Miezi mingine yote gari limesimama palepale, ubavu uleule ukitazama jua lilelile. Na kila msimu wa baridi magari haya yanajazana kwenye jangwa la Arizona, Marekani, sehemu kama Quartzsite, kwa sababu wastaafu wanakimbia theluji ya kaskazini. Wanakimbia baridi, wanakutana na jua. Na jua, bwana, halina urafiki na rangi.

Leo tupige historia kidogo. Tutaona jinsi watu walivyohangaika kwa zaidi ya miaka 100 kulinda ngozi ya magari haya isipauke, isipasuke na isibanduke. Utakuta kila zama zimekuja na dawa mpya, na kila dawa imehitaji mtu wa kuipaka, kuisugua na kuirudia. Wenye magari majina yao yapo. Wenye viwanda majina yao yapo. Mwenye kitambaa mkononi hana jina.

Kwanza tumjue adui

Rangi ya gari ina vitu viwili vikubwa ndani yake: unga unaotoa rangi yenyewe, na gundi inayoushika unga huo usitawanyike. Jua linapopiga, mionzi yake ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, inakatakata gundi. Gundi ikishakatika, unga unabaki hauna wa kuushika. Ndiyo maana ukipitisha kidole kwenye gari la zamani lililokaa juani, unatoka na vumbi jeupe kama umefuta ubao wa shule. Huko ndiko kupauka, sawa kabisa na mguu uliokosa mafuta wakati wa kipupwe.

Baada ya kupauka kuna nyufa. Mchana bati au faiba inapata moto na kutanuka, usiku inapoa na kusinyaa. Rangi ikiwa bado changa inakwenda nayo, kama mpira. Ikishazeeka inakuwa ngumu, haivutiki tena, basi inapasuka. Sehemu nyeusi zinaumia zaidi kwa sababu zinanyonya joto zaidi, ndiyo maana kwenye magari-nyumba yenye michirizi ya stika ubavuni, mara nyingi utakuta ile myeusi imepasuka kama tope la bwawa lililokauka huku nyeupe ya pembeni ikiwa bado inajikaza. Ufa ukishafunguka, maji yanaingia. Yakiingia kwenye ukuta wa gari-nyumba, ambao kwa mengi ndani una mbao na godoro la kuzuia joto, hapo huzungumzii urembo tena, unazungumzia kuoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliosema hivyo hawakuwahi kuona gari-nyumba, lakini walilielewa.

Na kinga yenyewe ni nyembamba mno. Tabaka zote za rangi ya gari la kisasa, kuanzia praima mpaka juu, zikijumlishwa ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Vita yote hii inapiganiwa kwenye kitu chembamba hivyo.

Zama za vanishi: dereva ndiye mlinzi

Turudi mwaka 1910. Kwenye maonyesho ya magari ya Madison Square Garden, New York, kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha gari lake la Touring Landau. Kiti cha nyuma kiligeuka kitanda, kulikuwa na sinki la kukunja na chombo cha kujisaidia. Wanahistoria wengi wa Marekani wanalihesabu miongoni mwa magari-nyumba ya kwanza kutengenezwa kiwandani. Lilikuwa gari la matajiri, na matajiri wa siku hizo hawakuendesha wenyewe. Walikuwa na dereva.

Sasa huyo dereva ndiye mtu wetu wa kwanza asiye na jina. Kazi yake haikuwa usukani peke yake. Alikuwa fundi, alikuwa mwoshaji, na alikuwa mlinzi wa rangi. Rangi za wakati huo zilirithiwa kutoka kwenye mikokoteni ya farasi: rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka ikisubiriwa ikauke na kupigwa msasa, mwisho vanishi. Kazi nzima ilichukua wiki. Halafu vanishi hiyo iliyosumbua watu wiki nzima nyingi ilikuwa haiwezi kuvumilia jua. Ikawa ya njano, ikapoteza mng'ao, ikapasuka.

Watu wa mikokoteni walikuwa na sheria zao na madereva wakazirithi. Osha kwa maji ya baridi. Usioshe juani. Usiache tope likaukie juu ya vanishi maana litaacha doa. Usihifadhi gari karibu na zizi, kwa sababu mvuke wa mkojo wa farasi unakula vanishi. Ukiziangalia sheria hizo leo, ukitoa ile ya farasi, bado zinafaa. Hakuna profesa aliyezigundua. Zilitoka kwa watu wa ndoo na sponji walioona kwa macho yao gari gani linadumu na lipi halidumu.

Kwa magari ya watu wa kawaida jibu lilikuwa tofauti. Ford aliuza Model T ya rangi nyeusi peke yake kuanzia 1914 mpaka 1925. Rangi ile nyeusi ilikaushwa kwenye tanuri, ilikuwa ya bei rahisi na ngumu. Yaani ulipata uimara, ukakosa uchaguzi.

1924: laka, na mikono iliyosugua

Mapinduzi yalikuja na laka. Kampuni za DuPont na General Motors zilileta rangi iitwayo Duco, na magari ya Oakland ya mwaka 1924 yakatoka nayo yakiwa ya buluu. Laka hii ilipulizwa kwa mashine, ikakauka haraka sana. Kazi iliyokula wiki ikawa ya siku chache. Rangi za kila aina zikawezekana, na ndipo magari yalipoanza kuwa fasheni, mambo ya kubadilisha rangi na umbo kila mwaka.

Ila laka ilikuwa na siri yake. Ikitoka kwenye mashine haikung'aa. Ili ing'ae ilibidi mtu aisugue. Kwa hiyo nyuma ya kila gari la kuvutia la miaka ya 1920 na 1930 kulikuwa na watu waliosimama siku nzima na kitambaa na dawa ya kusugulia, bega likienda na kurudi. Na gari likishatoka kiwandani, jua likaanza kuipausha, hivyo mtu mwingine, wa gereji au wa nyumbani, akaendelea kusugua.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo wenye magari wengi hawalifikirii mpaka leo. Kupiga polishi ni kutoa. Unapoondoa ile ngozi iliyopauka, unatupa sehemu ya rangi yenyewe ili iliyo chini, ambayo bado ni nzima, ionekane. Gari linang'aa kama jipya, mwenye gari anafurahi, anatoa bakshishi. Lakini kila mng'ao umelipiwa kwa unene. Magari mengi ya zama za laka yalisuguliwa mpaka kwenye kona na mikunjo ya bodi praima ikaanza kuchungulia. Mpiga polishi mzuri alikuwa yule aliyejua wakati wa kuacha. Ujuzi huo haukuandikwa kwenye tangazo lolote.

Wengine wakasema: tuache rangi kabisa

Katikati ya miaka ya 1930 likaja wazo lingine. Kama jua linakula rangi, kwa nini tupake rangi? Mwaka 1936 kampuni ya Airstream ya Marekani ilitoa treila yake ya Clipper, ya alumini tupu, umbo kama la mwili wa ndege, riveti nje. Hii ni treila ya kuvutwa na gari, si gari-nyumba lenye injini, lakini kwenye suala la ngozi na jua ni ndugu wa damu.

Treila za kampuni hiyo ziliwahi kufika huku kwetu. Mwaka 1959 na 1960 mwanzilishi wake, Wally Byam, aliongoza msafara kutoka Cape Town mpaka Cairo, treila 41 za alumini zikivutwa kwa nguvu kwenye barabara za udongo. Walipita Kongo, Uganda na Kenya, wakaenda Ethiopia mpaka Misri. Hebu fikiria mzee wa kijijini anakaa zake chini ya mwembe, ghafla unapita mstari wa vitu vya fedha vinavyomulika kama vioo. Msafara wa namna ile hauendi bila watu wa njiani: wa kuonyesha njia, wa kutafsiri, wa kuchota maji. Jina la kiongozi tunalo. Ya hao wengine ndiyo kama ilivyo kawaida.

Alumini ilishinda jua? Nusunusu. Bati la aina ile lilikuwa na ujanja: juu ya alumini mchanganyiko yenye nguvu kuna utando mwembamba wa alumini safi, na huo ndio unaojitoa mhanga kwa hewa na maji ili wa ndani apone. Lakini alumini ikiachwa inafifia, inakuwa ya kijivu kama sufuria ya zamani. Miaka ya 1960 treila hizo zikaanza kupakwa kiwandani tabaka angavu la kulinda mng'ao. Na jua likafanya nini? Likalibabua hilo tabaka. Leo wapenzi wa treila za zamani wanatumia siku nyingi kulitoa lile tabaka lililobabuka, halafu wanapiga polishi alumini kwa mashine mpaka mikono inakuwa myeusi tii. Tumekimbia kusugua, tumerudi kwenye kusugua.

Faiba: gari likawa mashua

Mwaka 1966 Winnebago, kampuni ya mji mdogo wa Forest City jimboni Iowa, ilianza kutengeneza magari-nyumba kwenye mstari wa kiwanda, na bei ikashuka kuliko ya washindani. Gari-nyumba likatoka kwa matajiri likaingia kwa familia za kawaida. Na kadiri miaka ilivyokwenda, kuta nyingi za magari haya zikawa za faiba, teknolojia ileile ya mashua za kisasa.

Faiba juu yake ina jelkoti, tabaka nene la kama nusu milimita linalotoa rangi na mng'ao. Ni nene mara kadhaa kuliko rangi ya gari la kawaida, kwa hiyo inavumilia kusuguliwa. Lakini ni ileile hadithi: jua likiipiga bila kinga inapauka, inakuwa na vinyweleo vidogovidogo vinavyoshika uchafu, na mahali bodi inapojikunja inapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Na mengi yana paa la mpira ambalo nalo likizeeka linatoa unga mweupe. Mvua ikinyesha, unga unatiririka na kuacha michirizi ubavuni. Mgeni anadhani ukuta umeharibika, kumbe ni paa linalia.

Kwa kuwa gari limegeuka mashua, tuwasikilize na watu wa mashua. Na hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Mabaharia wa pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, na ndugu zao wa Oman, walijua siku nyingi kwamba jua ni adui wa chombo kuliko hata mawimbi. Ubao ukikauka unasinyaa, viungo vinafunguka, chombo kinavuja. Dawa yao ilikuwa sifa, yaani mafuta ya papa, yanayopakwa kwenye mbao za juu ya maji. Chini ya maji wakapaka deheni, chokaa iliyokandwa na mafuta ya mnyama. Harufu ya sifa unaijua kabla chombo hakijafika. Ila ilifanya kazi, kwa sharti moja: irudiwe. Hakuna baharia aliyepaka sifa mara moja akasema nimemaliza. Kilikuwa chakula cha chombo, na chakula hakiliwi mara moja kwa maisha.

Fikra hiyo ndiyo ambayo wenye magari-nyumba wengi wameikosa. Wao wanataka dawa ya kupaka mara moja.

Klia: ahadi kubwa, kubanduka kukubwa

Dawa ya mara moja ikaahidiwa. Kuanzia miaka ya 1970 Ulaya, na miaka ya 1980 Marekani, watengenezaji wakaanza kugawa rangi sehemu mbili: tabaka la chini lenye rangi, na juu yake tabaka angavu lisilo na rangi, ile mafundi wetu wanaiita klia. Wazo zuri. Klia inapigwa na jua, rangi inakaa salama chini yake, na mng'ao unakuwa kama umemwagia asali. Watu wakaambiwa mambo ya nta na kusugua yamekwisha.

Halafu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, magari mengi ya Marekani yakaanza kubabuka kama nyoka anayevua gamba. Mlango unafungwa, kipande cha rangi kinadondoka. Uchunguzi ukaonyesha sababu moja kubwa: kwenye baadhi ya magari tabaka la kati lilikuwa limerukwa, na mwanga ukapenya mpaka kwenye praima ya chini kabisa, ambayo haikutengenezwa kuliona jua. Praima ikageuka unga, na kila kilichokaa juu yake kikakosa pa kushika. Jua halikuipasua rangi kwa juu. Lilipita na kukata mizizi.

Huku kwetu hilo halihitaji maelezo marefu. Tembea mtaa wowote wa Dar, Mombasa au Kampala uangalie magari yaliyotoka Japani yakiwa yametumika. Paa na boneti vimebabuka mabaka meupe, milango bado mizima. Paa linatazama juu, mlango unatazama pembeni. Tuko kwenye ikweta, jua liko utosini, na miji kama Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, inapata mionzi hiyo mikali zaidi kwa sababu hewa ya kuichuja ni pungufu.

Viwanda vilijifunza. Ndani ya klia wakatia kemikali za aina mbili: zinazonyonya mionzi kabla haijapenya, na zinazokamata vipande vya gundi vilivyovunjika kabla havijaendeleza fujo. Kuzijaribu ni kazi ya subira. Tangu miaka ya 1930 kusini mwa Florida kumekuwa na viwanja vyenye safu za vibao vidogo vilivyopakwa rangi, vimeanikwa juani miaka na miaka. Arizona pia, kwa ajili ya joto kavu. Kuna watu ambao ajira yao imekuwa kupita kwenye safu hizo, kushusha kibao, kukipima mng'ao, kuandika namba, kukirudisha. Klia iliyodumu juu ya gari-nyumba la leo imetoka kwenye madaftari yao. Hakuna aliyewapiga picha.

Lakini hata kemikali hizo zinakwisha kidogokidogo. Na kwa sababu nyingine zinakaa sehemu ya juu ya klia, anayesugua kwa mashine kila mwezi anazitupa kwa mikono yake mwenyewe.

Nta: mnazi wa mbali na watu wake

Kopo lolote la nta ya magari ya hadhi ya juu, soma pembeni, mara nyingi utakuta neno carnauba. Ni mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazil, majimbo kama Ceará na Piauí. Eneo kavu, jua kali. Mti wenyewe unatengeneza nta kwenye majani yake ili usikaushwe. Yaani binadamu hakuvumbua kitu hapo, amemwibia mti koti lake la jua.

Kuvuna kwake ni hivi. Msimu wa kiangazi mtu anashika mti mrefu wenye kisu nchani, anakata majani marefu yenye miiba, mengine yakianguka kutoka juu sana. Majani yanaanikwa siku kadhaa, kisha yanapigwa na kukung'utwa mpaka nta itoke kama unga. Vumbi tupu. Unga unayeyushwa na kuchujwa. Nta hii haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 80 na kitu za Selsiasi, ndiyo maana inavumilia boneti lililoanikwa juani.

Sasa sehemu isiyopendeza. Wakaguzi wa kazi wa serikali ya Brazil wamewakuta, si mara moja, wavunaji wa nta hii wakiishi katika hali ambayo sheria ya nchi hiyo inaiita inayofanana na utumwa: wanalala nje au kwenye magari, hakuna choo, maji ya kunywa ni ya mtoni bila kuchujwa. Mtu analala nje bila choo ili nyumba ya magurudumu yenye choo na bafu ipate kung'aa. Ukishaijua hiyo, lile kopo huliangalii tena vilevile.

Na tuseme ukweli wa kitaalamu: nta haizuii sana mionzi ya jua kama wauzaji wanavyodai. Kazi yake kubwa ni kufukuza maji na uchafu, na kuwa tabaka la kutolewa mhanga. Kwenye jua kali inakwisha ndani ya wiki chache au miezi michache, halafu unarudia. Vimiminika vya kisasa vinavyoitwa "seramiki" vinadumu zaidi, lakini navyo havizibi ufa uliokwisha kufunguka, na haviondoi haja ya kuosha.

Kwa hiyo gari linalindwaje?

Ukikusanya miaka 100 ya mafunzo, jibu ni fupi na halina maajabu. Kivuli kwanza, banda la mabati lililo wazi pembeni linashinda kopo lolote. Kama hakuna banda, turubai linalopumua, si nailoni inayofungia unyevu ndani na kusugua rangi upepo ukivuma. Geuza gari mara kwa mara ili ubavu mmoja usiumie peke yake. Osha kwa maji mengi, asubuhi au jioni, na kinyesi cha ndege kitoke siku hiyohiyo. Paka kinga kabla ya kupauka, si baada. Piga polishi pale tu panapohitaji. Kagua viungo na silikoni za dirisha na paa, na ufa mdogo uzibwe ungali mdogo. Ukifika mahali klia imeshababuka, nta haisaidii kitu; hapo ni msasa na kupuliza upya.

Na hapo kwenye kupuliza upya ndipo nataka tumalizie, maana si habari ya Marekani tu.

Klia nyingi za kisasa ni za kuchanganya kopo mbili, rangi na kigumishi. Kigumishi hicho kina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ndizo zinazoifanya klia iwe ngumu kama kioo na ivumilie jua. Ndizo pia zinazoharibu mapafu ya anayepuliza. Uingereza, wapuliza rangi wa magari wamehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa wafanyakazi wanaopata zaidi pumu ya kazini, na sababu ni hii. Mtu akishapata mzio huo, kiasi kidogo tu kinatosha kumbana kifua, na kazi inakuwa imeisha. Kinachomlinda ni chumba chenye feni za kuvuta hewa na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Barakoa ya vumbi haizuii. Kitambaa kilichofungwa mdomoni ndiyo kabisa.

Sasa tuambiane ukweli, gereji ngapi za mtaani kwetu fundi rangi ana hiyo barakoa? Wengi wanapuliza wamejifunga kanga au fulana puani, mchana wa jua, na kijana wa kujifunza kazi amesimama pembeni ameshika taa. Halafu mteja anakuja jioni, anajitazama kwenye mlango wa gari, anasema "fundi, safi sana", na hapohapo anaanza kuomba apunguziwe bei.

Dereva wa 1910 na ndoo yake, msuguaji wa laka, mtu wa vibao wa Florida, mvunaji wa nta wa Ceará, baharia na sifa yake, na huyu fundi wetu, wote kazi yao ni moja: kuweka kitu kati ya jua na mali ya mtu. Wakati mwingine kitu hicho kinakuwa ni mwili wao. Kwa hiyo siku nyingine ukiona gari-nyumba linang'aa kwenye ukurasa wa staa, bishana bei upendavyo. Ila ukienda kwa fundi wako wiki hii, kabla hujauliza rangi itakauka lini, muulize anapulizia na nini usoni. Na kama gharama ya barakoa ikiongezwa kwenye bili yako, lipa, usibishane.